Pasaka ya Magari Nangara

Msomaji anayesafiri siku hizi kutoka Arusha kwenda Babati hana mkasa wa kusimulia afikapo. Hupanda basi asubuhi, akapita Makuyuni, akapita Minjingu, akapita Magugu penye mchele unaosifika, na kabla usingizi haujamkolea huuona Mlima Kwaraa umejiinua mbele yake na ukungu kichwani. Akishuka kituoni hukung'uta nguo kwa mazoea tu, maana vumbi hakuna.

Mimi nilishuka hapo Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, nikiwa na kikapu cha mkate na sukari, kwenda kumsalimu kaka yangu anayeishi Nangara, sehemu ya mji huo tuliyozaliwa na kukulia. Kaka ni fundi wa magari aliyestaafu. Mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, kwa hiyo spana amewaachia vijana. Nami nimestaafu kazi ya kiwanda cha matairi cha Arusha. Watu wawili waliokula maisha yao katika magari, na wote wawili hatujapata kumiliki gari hata moja. Asili ya mapenzi hayo ni barabara ipitayo Babati, nayo ndiyo niliyokusudia kuieleza leo.

Tulipokuwa watoto barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Katika ramani za wakoloni iliitwa Barabara Kuu ya Kaskazini. Ilitoka Arusha, ikakata katikati ya Babati, ikapanda vilima vya Kolo hadi Kondoa, kisha ikateremka Dodoma. Kiangazi ilikuwa vumbi jekundu lililoingia hata ndani ya chungu cha maziwa. Masika ilikuwa uji. Lori la mahindi likikwama, utingo alikata matawi, akawasha moto, akasonga ugali, kwani alijua kwamba hapo ndipo atakapolala. Na kwa sababu ya ubaya wake huo huo, watu wa mbali walikuja kuitafuta.

Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yalianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Yalizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe, na katika miaka hiyo ya 1960 dereva alikimbia kiasi cha kilomita 5,000 kwa siku nne hivi, usiku na mchana, katika barabara zile zile zilizotumiwa na mabasi, ng'ombe na watoto wa shule. Hapakuwa na ua wala jukwaa. Barabara haikufungwa.

Jambo lililotuvutia sisi wa vijijini ni kwamba magari yenyewe tuliyafahamu. Katika mashindano ya mwanzo yaligawanywa makundi kwa bei yake dukani, na yalitakiwa kuwa magari ya kawaida, kama anunuavyo mwalimu au daktari. Marekani nako walikuwa na fikira kama hiyo. Walipoanza mashindano yao makubwa ya magari ya dukani huko Charlotte mwaka 1949, aliyefika wa kwanza, Glenn Dunaway, alinyang'anywa ushindi baada ya wakaguzi kugundua kwamba springi za gari lake zilikuwa zimeongezwa nguvu. Ushindi akapewa Jim Roper. Lakini Mmarekani huketi jukwaani akayaona magari yakizunguka mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mshabiki wa Nangara aliliona gari kwa muda wa kupepesa jicho mara tano, kisha akangoja mwaka mzima.

Njia haikuwa moja kila mwaka. Ilipopangwa kupitia kwetu, magari yalitokea upande wa Kondoa, yakielekea ama Mbulu ama Arusha. Habari ilitangulia kwa redio ya mwenye duka, ikaenea sokoni, na alfajiri watu walikuwa wamekwisha kujipanga kando ya barabara kuu: kina mama na vitenge vyao vya kanisani, wazee na fimbo zao, vijana walioleta kamba kwa tamaa ya kuvuta gari litakalokwama wakapata chochote. Dereva tulimwita dereva, lakini yule aliyeketi kando yake akisoma njia tulimwita utingo, na tulimhurumia, kwani ilionekana kwamba kazi yake ilikuwa kutingishwa tu.

Siku moja ya Pasaka, nikiwa darasa la pili, baba alitununulia mashati mapya. Langu lilikuwa la rangi ya samawati, na mama alitukanya tusiyachafue kabla ya ibada. Kaka, ambaye alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mitano, alinishika mkono tukatoroka kwenda barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulisikia kwanza mlio, kama nyuki ndani ya debe. Kisha taa zikatokea katika ukungu. Kisha gari jeupe lililopakwa matope hadi kwenye paa likaja upande upande, magurudumu ya nyuma yakitaka kuyapita ya mbele. Nilitaka kuisoma namba iliyoandikwa mlangoni. Ili niisome nilipiga hatua mbili, tatu, nikawa barabarani.

Kaka alinivuta kwa shati. Nilisikia kitambaa kikichanika, nikaanguka chali mferejini, na matope ya gari lile yakanifunika uso. Lilipita mahali nilipokuwa nimesimama.

Jioni baba aliliona shati lililochanika toka ukosi hadi kiunoni. Akauliza aliyelichana. Kaka akasema, “Mimi.” Baba akauliza sababu, naye akanyamaza. Alichapwa fimbo ambazo sikuzihesabu. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nimevaa fulana, nikiijua sababu. Na sikufumbua kinywa, kwani nilifahamu kwamba nikisema kweli hatutaruhusiwa kamwe kurudi barabarani Pasaka nyingine. Ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa muda mrefu. Waama, niliogopa fimbo pia.

Baada ya hapo kaka alianza kuweka daftari. Ninalo mbele yangu niandikapo haya, kwani ameniazima. Ni daftari la shule la mistari, limeshonwa kwa uzi wa gunia mara mbili, nalo linaanza mwaka 1965 kwa jina la Joginder Singh. Kwa kaka, huyo alikuwa zaidi ya dereva. Alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Kericho, fundi mtoto wa fundi, na mwaka huo, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa gari la Volvo lililokwisha kutumiwa na wengine kabla yake. Fundi ameshinda kwa gari kuukuu! Kaka aliandika jina hilo kwa wino mwekundu, na wakati huo ndipo alipoamua atakuwa nani duniani.

Ukurasa wa 1966 na wa 1967 umechorwa bendera ya Tanzania. Miaka hiyo miwili mfululizo alishinda Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mkazi wa nchi yetu, pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404. Mtu wa leo hawezi kuelewa fahari tuliyoipata. Magari kama hilo yalionekana yakipita barabarani kwetu na abiria wa kawaida, tena kwa mwendo wa adabu, nasi tuliyapigia makofi kana kwamba ndiyo yaliyoshinda. Mwaka 1968 kaka ameandika sentensi moja tu: “Yameanza 93, yamefika 7.” Huo ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, na mshindi, Nick Nowicki, alikuwa pia mshindi wa 1963, mwaka ambao nao magari yaliyofika yalikuwa saba, kati ya 84. Wapo wanaosema kwamba mashindano ni mbio. Kwa yale ya zamani mimi nasema yalikuwa kufika.

Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuupata ushindi huo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, ikabidi kanuni ndizo ziamue, nazo zikampa Mehta. Kaka alikuwa wakati huo mwanagenzi katika gereji, nami nikiwa kijana; tulibishana juu ya uamuzi huo wiki nzima.

Kisha magari hayakuja tena. Tangu mwaka 1974 mashindano, ambayo sasa yaliitwa Safari Rally, yalibaki ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Lakini mawimbi ya redio hayana mpaka. Mshabiki wa Nangara aliendelea kutegea sikio Sauti ya Kenya kila Pasaka, na daftari likapokea ushindi mwingine wanne wa Mehta, toka 1979 hadi 1982, ingawa kaka hakupata tena kuliona hata gurudumu moja. Mimi Arusha nilipata bahati zaidi, kwani mashindano ya taifa ya Tanzania hufanyika huko pia, kama yafanyikavyo Tanga, Morogoro na Iringa, nami nilikwenda kila nilipoweza, nikarudi na kumwandikia kaka barua. Alinijibu akiuliza tairi gani lilipasuka. Kwa mtu wa kiwanda cha matairi, hilo lilikuwa swali la uchokozi.

Lami nayo ikaja. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi mwezi Aprili 2018 katika sherehe iliyofanyika Bonga, nje kidogo ya mji wetu. Mgonjwa aliyekuwa akifia njiani sasa hufika hospitali. Mbaazi na mahindi hutoka shambani mvua ikinyesha. Hakuna mwenye akili anayetamani uji ule urudi, wala mimi siutamani. Ila kaka huketi barazani asubuhi akisikiliza, na hutambua kwa mlio tu ni gari la aina gani linalopita mbali kule, na kama dereva ana haraka.

Aliye na haraka kuliko wote ni mjukuu wake. Kijana huyo ana umri wa miaka ishirini na mmoja, ni dereva wa bodaboda. Aliingia uani siku hiyo nikinywa chai, akaizima pikipiki, akanisalimu, “Shikamoo, babu mdogo.” Kabla sijamaliza kuitikia marahaba, kaka alikwisha kuanza: kwamba amemsikia akitoka njia kuu bila kupunguza mwendo, kwamba lami si uwanja wa mbio, kwamba mwezi uliopita kijana mwenzake amezikwa.

Kijana alisikiliza kwa heshima. Halafu akasema polepole, “Babu, nisamehe. Lakini hao uliowaandika kwenye daftari, wao walikuwa wakitembea?”

Kaka hakuwa na jibu. Nilimwona akiutazama mkono wake unaotetemeka. Ni hapo nilipojisikia kusema lile nililoshindwa kulisema kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilimweleza mjukuu juu ya gari jeupe, hatua zangu tatu, shati la samawati na fimbo za baba yetu, nikamwambia kwamba babu yake alichapwa kwa kuniokoa na kwamba mimi nilinyamaza.

“Nilijua kwamba hutasema,” kaka akasema. “Ungesema, mwaka uliofuata nani angetupa ruhusa?” Akacheka mpaka akakohoa. “Tena mimi ndiye niliyekupeleka. Fimbo zile zilikuwa zangu kwa haki.”

“Gari lilikuwa namba ngapi?” mjukuu akauliza.

Tulitazamana. Katika daftari lote lile, hiyo ndiyo namba ambayo haimo.

Jumapili tulikuwa barazani sote watatu. Mashindano ya dunia yamerudi Kenya tangu 2021, na mwaka huo wa 2024 yalikuwa yamerudishwa Pasaka kama zamani, makao yake yakiwa Naivasha. Mjukuu aliegemeza simu yake kwenye birika la chai tukayaona magari yakikata maji na vumbi, picha safi kuliko tulivyopata kuyaona kwa macho yetu. Kaka alilalamika kwamba hakuna hata mmoja ambaye angeweza kununua gari la namba ile dukani. Nilimwambia asitutie simanzi. Alishinda Kalle Rovanperä wa Finland, katika Toyota, na Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili.

Kaka akalitoa daftari. Kwa vile mkono haumtii, alimpa mjukuu kalamu. Kijana akaandika mwaka, akaandika jina, kaka akavaa miwani, akalitazama, akamwamuru alifute. “Andika vizuri. Huyo ni wa nchi ya Mikkola.” Akaandika tena, herufi moja moja, huku akiangalia kwenye simu.

Kisha simu ikalia. Abiria alimngoja sokoni. Kijana akavaa kofia yake ngumu, ambayo Ijumaa sikuwa nimemwona nayo, akaaga, akawasha pikipiki. Tulimsikiliza akitoka uani, akipita kwa jirani, akiufikia mpindo wa barabara, akipunguza mwendo, akiuongeza tena hadi mlio ukapotelea mjini.

“Gia ya tatu,” kaka akasema, “anachelewa kuitia.”