Ukungu Niliousingizia

Sisi wa Gare, huku milimani, tunaishi na ukungu. Jioni unajaa mabondeni, alfajiri umelala juu ya maharage, na siku za masika hauondoki mpaka saa nne. Kwa hiyo majani yalipotoka madoa ya kahawia, yakanyauka na kupukutika kabla maganda hayajajaa, hakuna aliyehangaika kuuliza. Mama yangu alisema ukungu umeyachoma, nami nikasema hivyohivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtu akishaamini kwamba hewa ndiyo inayomuunguzia shamba, atafanya nini? Hewa haifukuziki.

Ila mke wangu nilimlaumu. Nilimwambia amebananisha mbegu, amechelewa kupalilia, hana mkono wa maharage. Msimu mmoja nikanunua dawa, muuzaji akaniapia kwamba inatibu kila kitu. Ilikuwa dawa ya wadudu. Majani yaliendelea kuanguka, na fedha niliyoiweka kwa ajili ya sare za watoto ikawa imekwisha.

Binti wa dada yangu alikuwa akisoma kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro. Alikuja likizo, akanikuta shambani nimeinama.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Unaona ukungu ulivyotufanya?"

Akachuma jani, akanipa. "Mjomba, hili doa lina umbo gani?"

Nilimjibu kwamba doa ni doa. Akaniambia nilitazame tena. Nikatazama, na nakiri kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama kweli: doa lilikuwa na pembe. Halikuwa duara. Kila upande ulikomea kwenye mshipa wa jani, kama maji yanavyokomea kwenye tuta. Akanieleza kwamba huo ni ugonjwa wa kuvu, na kwamba kuvu hiyo inaenea ndani ya jani mpaka ifike kwenye mshipa, hapo inazuiwa, ndipo doa linapopata pembe. Ingekuwa ugonjwa wa kutu, kungekuwa na vipele vinavyoacha unga kidoleni. Ingekuwa chule, mishipa yenyewe ingegeuka myekundu kisha myeusi upande wa chini, na maganda yangekuwa na vidonda vilivyobonyea.

Hakutaka niamini kwa maneno tu. Aliomba bakuli la plastiki lenye kifuniko, akatandika karatasi iliyoloweshwa, akalaza majani kifudifudi na kufunika. Baada ya siku mbili akaniita uani na kunipa kioo cha kukuzia. Upande wa chini wa jani, ndani ya kila doa, palikuwa pamesimama vinyweleo vyeusi, vimesongamana kama mabua ya mahindi shamba likishavunwa, na vichwani vina kijivu.

"Hiyo ndiyo kuvu, Mjomba. Huu ukungu wa angani unailoweshea jani tu, ipate kuota."

Nilikaa kwenye kigoda. Lugha yetu inaita ukungu ule unaofunika mlima, inaita ukungu pia ule unaoota juu ya mkate, na mimi maisha yangu yote nilikuwa nimeufanya kitu kimoja.

Kuvu hiyo ilielezwa na Saccardo, mtaalamu wa Italia, mwaka 1878. Leo wataalamu wanaiita Pseudocercospora griseola. Lililonigusa zaidi ni kwamba ina makundi mawili makubwa, sawa na maharage yenyewe: moja limezoea maharage ya punje kubwa yenye asili ya milima ya Andes, jingine yale ya punje ndogo yenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Makundi yote mawili yapo Afrika. Na kwa kuwa kila kundi lina maharage lililoyazoea, shamba lenye mbegu za aina nyingi mara nyingi haliungui lote kwa pamoja.

Hapo nilishindwa kumtazama mke wangu. Alikuja kwangu na mbegu za mama yake, mchanganyiko wa rangi na ukubwa, na ni mimi niliyemwachisha kwa sababu wachuuzi wanataka gunia la rangi moja. Tena kuvu hii inasafiri ndani ya mbegu, na inaishi kwenye mabaki makavu. Kila msimu, tukishapura, nilikuwa nikibeba makapi na kuyarudisha shambani nikidhani narutubisha udongo. Ugonjwa niliusambaza kwa mikono yangu, halafu nikautafutia mwenye kosa jikoni kwangu.

Nilimwomba radhi mbele ya watoto, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomfedhehesha. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mbegu za mama zimekwisha hapa. Labda Mlola, kwa mama mdogo."

Tulikwenda Mlola wote wawili. Makapi sasa tunayafukia mbali, maharage yanahama shamba kila msimu, na mbegu tunachagua kutoka kwenye maganda yasiyo na doa. Madoa bado huja. Masika iliyopita yalikuja maganda yakiwa yameshajaa, na mke wangu ndiye aliyeyaona kwanza. Alichuma jani, akaligeuza, akanyoosha mkono nimpe kioo.