Kugeuza Dishi

Kitu kilichozoea kutazama upande mmoja hakigeuzwi kwa nguvu peke yake. Mlango hutaka bawaba, jahazi hutaka usukani, na moyo wa mtu hutaka sababu. Dishi la televisheni, ambalo wengine huliita ungo, ni katika vitu hivyo. Laonekana kama sinia lililotundikwa juu ya nguzo ya chuma, lisilo na kazi ila kupigwa jua na mvua. Lakini likisogezwa kwa upana wa kidole, nyumba nzima hukosa habari.

Mjane mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyajua haya alipotoka eda. Dishi la uani kwake lilifungwa na marehemu mumewe kwa mkono wake mwenyewe, likaelekezwa kwenye setilaiti iliyo juu ya longitudo ya 36 Mashariki. Sasa ada ya king'amuzi kile ilikuwa imeushinda mfuko wake. Mwanawe akamletea king'amuzi kingine chenye ada nafuu, ila matangazo yake yalitoka katika setilaiti ya longitudo ya 7 Mashariki. Fundi alipoulizwa alitaja ujira uliotosha kununua chakula cha juma zima. Bibi akasema kazi ile ataifanya mwenyewe, pamoja na mjukuu wake wa miaka 14.

Siku tatu zikapita, spana iko mezani na kazi haijaanza. Haikuwa hofu ya kuharibu chombo. Kwenye kishikio cha dishi palikuwa na mstari mfupi wa kalamu ya risasi, ambao marehemu aliupiga siku picha ilipotokea kwa mara ya kwanza. Kuilegeza nati ile kulikuwa kama kufuta mwandiko wake.

"Bibi," mjukuu akauliza, "kwani hatuwezi kuziacha zote mbili?"

Swali halikuwa la kipumbavu. Dishi moja laweza kufungwa vichwa viwili vya kupokelea, iwapo setilaiti zenyewe ni jirani. Lakini digrii 29 si ujirani. Mshika mawili, moja humponyoka.

Setilaiti za namna hii zimepangwa juu ya ikweta, kilometa 35,786 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza kwamba chombo kikiwa katika kimo hicho kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, na kwa hiyo mtu wa chini atakiona kama kimesimama. Mwaka 1964 Wamarekani walikiweka chombo kiitwacho Syncom 3 katika njia hiyo, na maelezo yakawa kazi. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, setilaiti ya 36 iko karibu na utosi, kimo cha digrii 81 hivi kutoka upeo wa macho. Ile ya 7 iko magharibi, imeelekea kaskazini kwa digrii 10 hivi, na kimo chake ni digrii 52. Kwa umbali ule, kosa la digrii 1 chini ni kosa la zaidi ya kilometa 600 juu.

Siku ya nne bibi akachukua rangi nyekundu ya kucha, akatia alama juu ya mstari wa marehemu ili mvua isiufute, na mjukuu akaandika vipimo vya zamani katika daftari. Kisha wakazima king'amuzi kabla ya kugusa waya, kwa kuwa waya ule hupeleka umeme hadi kwenye kichwa cha dishi. Wakafunga jiwe katika uzi, likawa timazi, wakalining'iniza kando ya nguzo. Kwa maana nguzo ikiinama, vipimo vyote vilivyochongwa juu yake ni uongo. Wakaipima pande mbili. Uzi na nguzo vilikwenda sambamba toka juu hata chini. Bibi alilishika jiwe lile kwa muda bila ya kusema neno.

Wakaligeuza dishi upande wa magharibi kwa dira iliyo katika simu, mjukuu akisimama mbali na chuma kisije kikaidanganya. Wakalishusha hadi 52. Mjukuu akacheka: "Bibi, hili latazama paa la jirani, si mbingu!" Jicho lilimdanganya. Dishi la aina hii kichwa chake hakikai katikati, bali chini. Mawimbi hulijia kutoka juu zaidi ya pale uso wake unapoonekana kutazama, na vipimo vya kishikio vimekwisha kulihesabu hilo. Na kwa kuwa mawimbi mengine huja wima na mengine mlalo, kichwa nacho hakina budi kuzungushwa katika pete yake.

Jioni ile hawakupata kitu. Kwenye kioo mstari wa nguvu ulijaa, na wa ubora ulikuwa mtupu. Nguvu yaweza kuonekana hata dishi likielekea mahali pasipo kitu. Ubora ndio shahidi. Kosa lao lilikuwa haraka. King'amuzi hutaka nafasi ya kutambua kilichokifikia, nao walikuwa wakisukuma kabla hakijajibu. Asubuhi bibi akaweka sharti: kusogeza kwa unene wa njiti ya kiberiti, kuhesabu hadi kumi, ndipo kusogeza tena. Baada ya nusu saa sauti ikatoka dirishani: "Bibi, usiguse! Ubora umepanda!"

"Mume wangu, una hakika?"

"Picha hii hapa!"

Nati zikakazwa moja baada ya nyingine, kidogo kidogo kwa zamu, maana nati ikazwayo kwa pupa hulivuta dishi na kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Bibi akapiga mstari wa pili kando ya ule wa kwanza, kwa kalamu ya risasi.

Mtu akiondoka, aliobaki nao hudhani kwamba heshima yake ni kuendelea kutazama alikokuwa akitazama. Mstari wa marehemu ulifaa kwa setilaiti moja na kwa wakati mmoja. Nguzo aliyoisimamisha wima ilifaa kwa setilaiti zote, na pasipo nguzo ile mjane na mjukuu wake wasingalipata picha yoyote. Huo ndio urithi uliokuwa uani siku zote, nao haukuhitaji rangi ya kuuhifadhi.