Rangi Inayokunywa Inachokipima

Wanafunzi wangu hulalamika kwamba nawabania rangi maabara. Fura-2, iliyotangazwa na Roger Tsien na wenzake mwaka 1985, huingia katika seli hai. Tunaimulika kwa mwanga wa nanomita 340, kisha 380, na uwiano wa ming'ao hiyo miwili hutujulisha kiasi cha kalsiamu. Lakini hupima kwa kuikamata kalsiamu yenyewe, ambayo ndani ya seli iliyotulia ni haba, takriban mara 10,000 chini ya ile ya nje. Ukizidisha rangi, picha hung'aa vizuri, ilhali mpando wa kalsiamu uliokusudia kuuona umekwisha kunywewa na kipimo. (Tume zetu za uchunguzi sizitaji.) Juzi mmoja aliniletea picha hafifu, akaomba aongeze rangi kabla ya kuwasilisha tasnifu. Nimemkatalia.