Puo ya Gae: Mhakiki katika Darasa la Watoto Wadogo

Makala haya hayahakiki riwaya wala diwani, na huenda msomaji akajiuliza yameingiaje katika jarida hili. Sisi wahakiki tunayo desturi ya kumkuta msomaji akiwa tayari. Tunajadili upokezi wa matini, matarajio ya hadhira na mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa tajriba yake, lakini ni nadra kuuliza ni nani aliyemfundisha msomaji huyo kuunganisha konsonanti na irabu, wala alifundishwa hivyo kwa lugha gani. Nami sikuwahi kuuliza hadi mwaka 2018, nilipoalikwa kwa majuma matano katika chuo kikuu kimoja cha mkoa wa North West, Afrika Kusini, kutoa mihadhara kuhusu ushairi wa Kiswahili. Mwenyeji wangu alikuwa na zamu ya kuwakagua wanagenzi wa ualimu wa madarasa ya chini. Badala ya kuniacha hotelini, alinipakia garini tukaenda vijijini.

Lugha iliyokuwa ikifundishwa ni Kitswana, au Setswana kama wenyewe wanavyokiita. Mtaala wa Afrika Kusini ulioanza kutekelezwa katika madarasa haya mwaka 2012 huliita somo lenyewe Puo ya Gae. Puo ni lugha, nalo neno gae lina maana ya nyumbani. Mtoto huanza nalo katika darasa la mapokezi, lile linalotangulia darasa la 1, na ambalo sheria ya mwaka 2024 imelifanya kuwa la lazima.

Mwanagenzi wa kwanza niliyemtazama alikuwa msichana wa miaka 21 au 22, mchangamfu, mwenye sauti nzuri, na Kitswana chake kilitiririka bila kigugumizi. Watoto walikuwa 47. Aliinua kadi yenye herufi g akaitamka kwa jina lake la Kiingereza, "ji". Watoto wakaitikia, "ji". Kisha akainua kadi ya pili iliyoandikwa gae, akamwita mtoto wa kiume aliyekaa mbele. Mtoto akaitazama kadi, akajikaza, akasema, "Jae." Herufi g ya Kitswana hutamkwa kwa kukwaruza koo, karibu na kh ya kheri. Mtoto yule alikuwa amelitamka neno gae tangu alipoanza kusema, naye aliondoka humo gae asubuhi ile ile. Lakini alipoandikiwa nyumbani kwao hakupatambua.

Mwalimu mwenyeji wa darasa, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, alininong'oneza: "Mma, usimlaumu. Tuliwatuma wakasomee kusoma kwa Kiingereza, wakarudi nako."

Baada ya kipindi nilimuuliza mwanagenzi yule alijifunzaje kusoma Kitswana. Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba bibi yake alimfundisha kwa kitabu cha nyimbo za kanisa, akifuatisha mistari kwa kidole huku wakiimba. Nikamuuliza kama aliwahi kuwasimulia wakufunzi wake habari hiyo. Akacheka. Hakuna aliyemuuliza. Somo la mbinu za kufundisha lugha ya nyumbani alikuwa amelisoma kwa Kiingereza, kwa vitabu vilivyoeleza jinsi mtoto Mwingereza anavyosumbuliwa na tahajia ya Kiingereza. Hata maandalio yake ya somo aliyaandika kwanza kwa Kiingereza ndipo akayatafsiri. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: anayefunzwa kufundisha lugha ya mama hupitishwa lugha nyingine ili aifikie ile aliyoanza nayo, na njiani hudondosha yale aliyoyajua.

Yafaa tuyatazame maandishi yenyewe, maana hapa mwanaisimu na mhakiki wote wana la kusema. Kitswana na Kiswahili ni ndugu. Motho na batho ni mtu na watu. Leina na maina ni jina na majina. Lakini wale walioanza kukiandika Kitswana katika karne ya 19, wamisionari wa Kuruman wakiongozwa na Robert Moffat, aliyekamilisha Biblia ya Kitswana mwaka 1857, walivitenga viambishi vya kitenzi. Tunachoandika sisi kwa neno moja, simjui, Mtswana hukiandika kwa maneno manne: ga ke mo itse. Nakupenda ni ke a go rata. Kwa hivyo ukurasa wa Kitswana umejaa vijineno vya herufi mbili, na mtu asiyejua huuona kuwa mwepesi. Si mwepesi hata kidogo, kwa kuwa jicho la mtoto hulazimika kuviokota vijineno hivyo kimoja kimoja na kuvikusanya upya viwe kitenzi. Wapimaji wameanza kulitambua jambo hili. Kiwango kilichowekwa kwa Kitswana na jamaa zake wa Kisotho ni maneno 40 kwa dakika mwishoni mwa darasa la 2, hali lugha za Kinguni, ambazo huunganisha viambishi kama sisi, zimewekewa maneno 20. Tofauti hiyo ni ya maandishi, wala si ya akili za watoto.

Kisha kuna suala la toni, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Katika darasa jingine watoto walisoma kijitabu chenye picha ya msichana aliyeshika kitabu. Chini ya picha paliandikwa: O a bala. Kijineno o kikitamkwa kwa toni ya chini, sentensi ina maana ya "wewe unasoma". Kikitamkwa kwa toni ya juu, ni "yeye anasoma". Maandishi hayaonyeshi toni. Mtoto mmoja wa kike aliisoma kwa toni ya chini, akainua macho kumtazama mwalimu kana kwamba ameambiwa jambo na anangoja mengine. Wenzake wakacheka. Mwanagenzi aliyekuwa akifundisha akasema, "Vizuri," akafungua ukurasa uliofuata. Kwake yeye kila herufi ilikuwa imetamkwa na hesabu imetimia.

Mtoto yule, hata hivyo, ndiye aliyekuwa akisoma kwa dhati kuliko wote darasani. Aliipa sentensi maana, akaitii. Kilichomponyoka ni kwamba katika lugha yake hairuhusiwi kutamka kwanza na kufasiri baadaye. Msomaji sharti atazame picha, ajue nani anazungumziwa na nani anazungumza, ndipo ajue jinsi ya kuitamka irabu moja. Jambo ambalo sisi huwafundisha wanafunzi wa uzamili kwa istilahi nzito, kwamba matini haina sauti mpaka msomaji aitie, mtoto wa Kitswana hulikabili akiwa na miaka 6. Je, mwalimu wake amewahi kuambiwa hivyo? Sol Plaatje alilijua. Mwaka 1916, miaka 14 kabla ya kuchapishwa kwa Diphosho-phosho, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare (Nyerere alikuja kutoa Julius Caezar mwaka 1963), yeye na Daniel Jones wa Chuo Kikuu cha London walitoa kitabu cha kusomea Kitswana kilichoonyesha matamshi pamoja na toni. Zaidi ya karne moja imepita, na kitabu hicho wanakijua wanaisimu. Sikumkuta mwanagenzi hata mmoja aliyekisikia.

Sitaki nidhaniwe kuwa ninabeza juhudi za wenyeji wangu. Mwaka 2015 serikali yao ilianzisha katika mkoa huo huo wa North West uchunguzi ambao sisi wa Afrika Mashariki tungefaa kuuiga. Shule 230 zinazofundisha Kitswana kama lugha ya nyumbani ziligawanywa katika makundi. Katika kundi moja la shule 50 walimu waliitwa mafunzoni kwa siku chache; katika kundi jingine la 50 walipewa vifaa na maandalio yale yale, ila mkufunzi aliwafuata darasani mwao. Faida kwa watoto wa kundi hili la pili ilikaribia kuwa maradufu. Semina za hotelini ambazo sote tumezihudhuria, pamoja na vyeti vyake, zilipimwa zikaonekana uzito wake. Hata hivyo tathmini ya kimataifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watoto 81 katika kila 100 wa darasa la 4 Afrika Kusini hawakuweza kusoma na kuelewa. Mkufunzi anayekuja darasani ni neema, lakini naye akiwa amefunzwa kusema "ji", ataisisitiza "ji".

Siku moja tu niliona lugha yenyewe ikifundisha. Yule mama aliyekaribia kustaafu alichukua darasa la hesabu. Alipofika 7 aliinua kidole cha shahada cha mkono wa pili, kwa sababu saba kwa Kitswana ni supa, yaani "onyesha". Alipofika 8 alikunja vidole viwili vya mwisho, kwa kuwa robabobedi ni "kunja viwili"; na 9, robabongwe, ni "kunja kimoja". Watoto walikunja na kukunjua huku wakicheka. Mwanagenzi wangu alisimama kando ya mlango akivitazama vidole vyake mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba tangu utotoni alihesabu kwa Kiingereza baada ya tano, na hakuwahi kujua kwamba namba hizo zilikuwa zikisema kitu.

Ningeweza kumhurumia kutoka mbali, kama mgeni mwenye shahada ya uzamifu. Lakini nilizaliwa Machakos. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mama yangu aliniandikia barua kwa Kikamba, nami nilimjibu kwa Kiswahili. Nilijiambia kwamba ninafanya mazoezi ya taaluma yangu. Ukweli ni kwamba Kikamba kina irabu saba, mbili kati yake zikitofautishwa kwa kiwimbi juu ya i na u, nami sikujua kiwimbi hicho kikae wapi. Niliona haya kumwonyesha mama kwamba mwanawe msomi hawezi kuandika neno la nyumbani. Barua zake nilizisoma kwa kunong'ona, nikirudia sentensi mara mbili au tatu mpaka sikio linieleze jicho limeona nini.

Kwa hiyo mtaala mpya wa Kenya ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, na idara yetu ikatakiwa kuandaa kozi ya walimu wa lugha za kiasili katika madarasa ya chini, nilijitolea kuiandika. Niliiandika kwa Kiswahili, nikaweka kipengele cha tahajia, kipengele cha toni, na cha tatu kinachomtaka kila mwanagenzi aandike alivyojifunza kusoma, kama alijifunza kwa bibi, kanisani, madrasani au kwa bango la dukani. Vitendawili na ngano nilivipa vipindi vya kuhakikiwa, visije vikabaki chambo cha kuwanyamazisha watoto kabla ya somo halisi. Kamati moja iliirudisha rasimu ikiuliza mtahini wa nje atatoka wapi, na kwa nini maelezo hayakuandikwa kwa Kiingereza. Swali la kwanza lilikuwa la haki. La pili nililijibu kwa kurasa sita, ambazo nadhani hazikusomwa.

Kozi ilipita kwa mwaka wa majaribio, ikapata wanafunzi 11. Sehemu ya Kikamba ninaifundisha mimi. Jioni ya kuamkia kila kipindi humpigia mama simu nikamsomea mifano nitakayoiandika ubaoni. Nikikosea irabu hunikatiza, hunifanya nirudie, na nikirudia vyema huniuliza kama nimekwisha kula.