Mwimo wa Mlango

Nyumba tuliyorithishwa na mama yetu, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ina mlango wa msaji wenye nakshi za mawaridi na minyororo. Mama aliingilia mlango huo akiwa bi harusi, na jeneza lake likatokea hapo hapo. Nimeutungia beti nyingi, na baadhi yake zimesomwa hadharani. Leo sina budi kuungama: miaka yote niliyousifu mlango ule kwa maneno, sikuugusa kwa mkono.

Mpwa wangu, baada ya kukosa kazi, aliniomba ruhusa ya kuchoma mishkaki nje ya nyumba kila jioni. Nikamruhusu kwa moyo mkunjufu. Alitengeneza jiko la nusu pipa la chuma, akalisimamisha kwa miguu minne, na wateja wakaja. Ulipoingia msimu wa kusi, upepo ukawa unamrushia majivu kwenye nyama. Akalisogeza jiko pembeni mwa baraza, shubiri moja tu kutoka kwenye mwimo wa mlango, apate kujikinga. Nilipita hapo kila usiku nikitoka msikitini. Niliona ndimi za moto haziufikii ubao, nikaridhika.

Ridhaa hiyo ndiyo iliyonihukumu. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilifasiri kijitabu cha tahadhari za moto, kazi ya ujira. Mle mliandikwa kuwa ubao mkavu, kwa kawaida, huhitaji joto la kiasi cha nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi ndipo uwake. Lakini ubao unaopashwa siku baada ya siku, hata kwa joto lililo chini ya hapo, hubadilika rangi, hugeuka makaa polepole, na ukishageuka huwaka kwa wepesi zaidi. Nilihangaika siku mbili nikitafuta Kiswahili cha mgeuko huo. Nikaandika "kuungua kimyakimya", nikajipongeza, nikapokea ujira wangu. Maana niliivusha hadi ng'ambo, kisha nikaiacha ufukweni.

Usiku mmoja, jiko likiwa limekwisha zimwa zamani, niliegemea mwimo ili nivue viatu. Mkono ukaruka wenyewe. Tulileta taa, tukaona waridi moja la nakshi limekuwa jeusi. Nilipoligusa kwa ukucha likamomonyoka kama unga. Moshi haukuonekana. Ndani ya ufa palikuwa na nukta nyekundu, mfano wa kichwa cha sindano, ikififia na kuamka kila upepo ulipovuma. Tulichokoa kwa kisu, tukamwagia maji, tukakesha tukipapasa ubao hadi ulipopoa.

Alfajiri mpwa wangu alisema bila kuinua macho, "Mjomba, niambie tu nikatafute pengine."

Sikumwambia hivyo. Mlango ni amana ya mama, na yeye pia ni damu ya mama. Tukamwita fundi seremala wa mtaa. Mimi nilikuwa tayari nimeshika bati na misumari, nataka kulipigilia juu ya mwimo. Fundi akanizuia: bati likigandana na ubao hupokea joto na kuukabidhi ubao huo huo. Kinga husimama mbali na kile inachokikinga. Ikibidi bati liwekwe, liachiwe nafasi ya vidole viwili au zaidi nyuma yake, na chini na juu pabaki wazi, hewa ipite na kulichukua joto. Lakini kinga iliyo bora, alisema, ni umbali.

Tukalihamishia jiko kwenye kiwanja kidogo mbele ya nyumba, zaidi ya mita 3 kutoka mlangoni, mahali ambapo juu yake hapana roshani wala turubai, kwani joto na cheche hupanda. Bati tukalisimamisha peke yake juu ya mawe, upande unakotokea upepo. Makaa yaliyobaki hutiwa kwenye ndoo ya chuma na kumwagiwa maji, kwa sababu kaa lililofunikwa na jivu huweza kuwa hai hata kesho yake.

Fundi alikwangua mwimo hadi akaufikia ubao mzima, na pale palipokuwa na waridi pamebaki kishimo. Alitaka kuchonga jingine apachike. Nilimshukuru, nikamwomba apaache palivyo.

Biashara haikupungua, wateja wanasema mishkaki haina tena jivu. Na kila jioni, kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza, na tena baada ya kumwaga maji ya mwisho, mpwa wangu huja mlangoni akaweka kiganja ndani ya kishimo kile. Nikiwapo, naweka na changu.