Maji Yasiyokupwa



Mabibi harusi wengi huniuliza: mume akitaka tuhamie kwao, mbali na mama, nimjibu nini? Mimi swali hilo lilinifika miezi minne tu baada ya nikah. Mume wangu ni mtu wa Kyela, baba yake kazeeka, na shamba la kakao halina wa kulisimamia. Nikamwambia, "Nipeleke wiki moja nikapaone, kisha nitakujibu."

Tulifikia Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Shoga zangu, sisi wa kisiwani tumezoea milima ya kwenye picha! Pale Milima ya Livingstone inasimama wima hadi majini, na jua huchelewa kwa sababu lina ukuta wa kuupanda kwanza. Kibla ni kaskazini, kwa hiyo ukisali ufukweni ziwa lote linakuwa mgongoni, unalisikia tu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba maji yale hayakupwi. Mimi nimelelewa kwa bamvua na maji mafu. Mama yangu hupanga hata siku ya kufua kwa kuangalia bahari. Huku mawimbi yanapiga, lakini ufuo unabaki palepale asubuhi na jioni. Siku mbili za mwanzo nilihisi kama saa imesimama, nikalia kimyakimya.

Siku ya tatu mama mkwe akaniita. "Mwanangu, usiende upande wa mdomo wa mto, kule kuna mamba na viboko. Twende kwenye mawe."

Kwenye mawe maji ni maangavu kama kioo. Samaki wadogo wa buluu na manjano wanazunguka miguuni. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wengi wa hawa wa kwenye mawe, mama hubeba mayai, kisha watoto, kinywani mpaka waweze kuogelea wenyewe, na kwa takriban wiki tatu hizo hali kitu, au hugusa kidogo sana. Furukombe akapita juu yetu akilia, akashuka, akaondoka na samaki kuchani. Subhanallah.

Mbali ziwani niliona moshi mweusi, nikadhani mtumbwi unaungua. Mama mkwe akacheka. Ni vijidudu vinavyotoka majini kwa mamilioni na kupanda juu kama wingu. Kuna watu wa kando ya ziwa huvikamata, wakavifinyanga na kuvipika kama mikate.

Jumamosi tulikwenda gulio la Lyulilo. Wanawake wa Kikisi walileta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe, wamepangana juu ya maji kama nyumbani tunavyopanga vyombo vya harusi. Mmoja alinipunguzia bei aliposikia mimi ni mke mgeni.

Jibu langu lilikuwa ndiyo, kwa masharti mawili: kila mwaka nirudi kwa mama, na nijifungulie kwake. Mume alikubali mbele ya wazee.

Kwa hiyo bibi harusi, usijibu kwa hofu wala kwa mapenzi matupu. Omba kwenda. Kaa na mama mkwe, ujue kwao kuna maji gani, wanyama gani na wanawake gani. Kisha taja masharti yako mapema, na yasikike.