Bei ijulikane kabla ya safari: afya ya akili kati ya Ubelgiji na Mokambo

Kila tunapozungumza na ndugu wa nyumbani juu ya ugonjwa wa akili, swali ni lile lile: kwa nini Ulaya mtu anasaidiwa mapema, na kwetu anafikishwa hospitali hali ikiwa imekwisha kuwa mbaya? Wengi hujibu kwamba Wazungu wana pesa na madaktari. Ni kweli, lakini jibu hilo linatufunga mikono. Mimi naona kuna tofauti nyingine iliyo ndani ya uwezo wetu. Ubelgiji, mtu mzima anaweza kujua aanzie wapi na atalipa kiasi gani kabla hajatoka nyumbani. Mokambo, kwetu Kongo, hayo mawili hayajulikani. Na kuyapanga hakuhitaji utajiri wa Ulaya.

Tuanze na Ubelgiji. Mwaka 2021 bima ya afya ya taifa ilifunga mkataba mpya juu ya huduma za wanasaikolojia. Mkataba huo ulipoanza, mtu mzima alilipa yuro 11 kwa kikao cha peke yake, mwenye kipato kidogo alilipa yuro 4, na kikao cha kundi kilikuwa yuro 2.50. Haombwi barua ya daktari. Mwanasaikolojia anaweza kumpokea ndani ya kituo cha tiba cha mtaa au kwenye ofisi ya msaada wa jamii ya manispaa. Nchi hiyo haikuanza hivyo. Kwa miaka mingi ilitegemea vitanda vya hospitali, mpaka mageuzi ya 2010 yalipoanza kuhamisha sehemu ya pesa kutoka vitandani kwenda kwa timu zinazomfuata mgonjwa nyumbani kwake. Foleni bado zipo, na Mswahili asiyejua Kifaransa wala Kiholanzi bado anapata shida kumpata mkalimani. Lakini mlango wa kwanza uko karibu, na bei yake inajulikana.

Sasa tuje Mokambo, mpakani, ambako malori ya shaba yanavuka kwenda Mufulira, Zambia. Ukitaka hospitali ya magonjwa ya akili upande wa Kongo, unaelekea Lubumbashi, zaidi ya kilomita 100, kwenye kituo cha Joseph Guislain kinachoendeshwa na shirika la Kikatoliki la Mabruda wa Karite. Familia inapiga hesabu: nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, fishi, kumwona daktari, dawa, chakula cha anayemlinda mgonjwa. Kila kitu kina bei yake, na jumla inajulikana mwishoni tu. Si ajabu wengi waanzie kwenye chumba cha maombi au kwa mganga wa kienyeji: yuko jirani, na anakubali kulipwa kidogo kidogo. Na jina la kituo kile lina mafunzo yake. Guislain alikuwa daktari wa Ghent, aliyeungana na Padri Triest, mwanzilishi wa shirika hilo hilo, kupigania matunzo ya kiutu kwa wagonjwa wa akili katika karne ya 19. Lubumbashi ilirithi kutoka Ubelgiji hospitali. Hatua ya pili, ya kutoka hospitali kwenda mtaani, bado haijawa haki ya kila mji wa Katanga.

Wapo watakaouliza: wanasaikolojia wa kuketi Mokambo watatoka wapi? Jibu liko huko huko Kongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine ulifanyika vijijini mashariki mwa nchi, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Waliowatibu kwa vikao vya kundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa jamii wenye masomo ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Miezi sita baadaye, dalili za sonona au wasiwasi mkubwa zilibaki kwa asilimia 9 ya waliopata tiba ile, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja. Zimbabwe, akina bibi wa mitaa ya Harare hufanya kazi hiyo kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi anauliza maswali 14, anamwacha mtu ataje matatizo yake yote, wanachagua moja, wanapanga hatua ndogo ya kuchukua, kisha mtu anarudi kueleza ilikwendaje. Vikao havizidi sita. Utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba njia hiyo inapunguza dalili. Mokambo haikosi watu wa namna hiyo: wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wapo tayari katika mfumo wa afya wa Kongo.

Wengine watasema familia na kanisa vinatosha. Familia ni nguvu yetu kweli, na Wabelgiji wanalijua hilo: mjini Geel, kwa karne nyingi, familia za kawaida zimeishi na wagonjwa wa akili nyumbani mwao. Lakini siku hizi familia ya Geel ina muuguzi wa kumwita, hospitali nyuma yake na posho. Ya Mokambo imeachwa peke yake. Pasta naye anaweza kuwa wa kwanza kumpeleka mtu kituoni, akifundishwa dalili. Maombi hayazuii dawa: haloperidol na phenobarbital, za ugonjwa mkali wa akili na kifafa, ni dawa za zamani zilizo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Na malaria je, na kipindupindu? Simwombi mtu aache kuvitibu. Sidai jengo jipya pia. Nadai muuguzi mmoja aliyefundishwa, daktari wa Lubumbashi wa kumpigia simu, wahamasishaji wanaolipwa, dawa zisizokatika, na bei moja ya jumla iliyobandikwa ukutani. Sisi wa ng'ambo tunatuma pesa ndugu akishaharibikiwa, na zinaishia kwenye nauli na madeni. Tukichanga kila mwezi kupitia kituo cha afya, kwa hesabu zinazosomwa mbele ya wakaaji, tutalipia mwanzo wa tiba badala ya mwisho wake. Serikali isisamehewe wajibu wake kwa sababu hiyo. Mchango wetu uwe hoja ya kuidai ifanye vivyo hivyo katika miji mingine ya mpakani, kama Sakania na Kasumbalesa, na kwingineko.